Baiskeli Imelala Bafuni

Kuanzia Novemba hadi theluji ya mwisho ya Aprili, baiskeli ya mume wangu hukaa ndani ya nyumba. Tunaishi kusini mwa Minneapolis, ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, na hakuna pembe ya nyumba hiyo ambayo baiskeli haijawahi kulala. Imelala sebuleni nyuma ya kochi. Imelala kwenye korido, watoto wakiiruka kwenda chooni usiku. Imelala jikoni imeegemea friji. Januari iliyopita ikalala ndani ya hodhi la bafuni, na usiku huo ndio uliozaa mambo yote ninayotaka kuyasimulia, hadi yakafika mezani kwa mwenye nyumba.

Watu wa hapa wakimwona mtu juu ya baiskeli katikati ya Januari husifu miguu yake. Mimi husema: ulizeni na nyumbani kwake nani anadeki. Baiskeli inarudi na mabonge ya theluji ya kijivu yamegandia kwenye madigadi, chumvi ya barabarani imeng'ang'ania mnyororo, mchanga umeingia katika kila tundu. Nyumba ina joto, kwa hiyo vyote vinayeyuka. Asubuhi kunakuwa na kidimbwi cheusi ukumbini, na zulia la kukodi halisamehe chumvi. Kuna glavu juu ya hita, soksi za sufu juu ya hita nyingine, buti zimejazwa magazeti zikauke, kinyago cha uso kinaning'inia kwenye mpini wa mlango. Watoto wangu wanadhani harufu ya sufu mbichi ndiyo harufu ya baba. Safari ya nusu saa ya mtu mmoja inachukua jioni nzima ya watu wanne, nami nayasema haya kwa mapenzi, maana ningekuwa sipendi afike salama nisingedeki.

Mume wangu ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Anayeijua Tanga anajua kwamba mji ule ni tambarare na baiskeli zake hazihesabiki. Mtu mzima kwenda kazini, sokoni au msikitini kwa baiskeli hakumfanyi yeyote ageuze shingo. Alipofika Marekani alitafuta baiskeli kabla hajatafuta televisheni. Gari letu ni moja, nalitumia mimi kuwapeleka watoto na kwenda kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi. Zamu yake, kwenye ufuaji wa nguo za hospitali, inakwisha saa tano usiku, na basi la saa hizo humwacha mtu kituoni akihesabu pumzi zake. Baiskeli haimsubirishi.

Tena ana njia. Kuna mfereji mrefu unaokata mji kutoka upande wa maziwa hadi Mto Mississippi, karibu kilomita 9, unaoitwa Midtown Greenway. Ulichimbwa na watu wa reli kati ya 1912 na 1916 ili treni zipite chini na barabara za mji zipite juu kwa madaraja, watu wasigongwe kwenye makutano. Treni zikapungua, magugu yakaota, na mwaka 2000 kipande cha kwanza kikafunguliwa kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kwa sababu sehemu yake kubwa imezama chini ya mji, upepo mkali unapita juu ya kichwa, na kuna taa usiku. Jambo kubwa kuliko yote, theluji ikianguka gari la kuisukuma hupita humo pia. Mara nyingine mume wangu akirudi husema njia ya baiskeli ilikuwa nyeupe kwa mstari mwembamba tu pembeni, huku mtaa wetu magari yamezama hadi milango.

Hapo naona watu wengi wanakosea hesabu. Wanadhani theluji ndiyo inayowazuia watu kupanda baiskeli. Uko mji huko Ufini, Oulu, karibu kilomita 170 tu kusini mwa Mzingo wa Aktiki, na watoto huko huenda shule kwa baiskeli majira yote ya baridi, kwa kuwa manispaa husafisha njia zao kwa bidii ileile ya barabara za magari. Mkutano wa kimataifa wa watu wa baiskeli za baridi ulianzia huko mwaka 2013, na mwaka 2016 ukafanyika hapa hapa Minneapolis. Baridi ya mji unaipokea kwa koti. Njia isiyosafishwa huna nguo ya kuivalia.

Koti lenyewe, hata hivyo, lina mipaka. Mama mkwe wangu kule Tanga, ambaye baridi kali kuliko zote anazozijua ni ya Lushoto mwezi wa saba, aliwahi kuniuliza kwenye simu hiyo baridi yetu ikoje. Nikamwambia, mama, friza ya barafu huwekwa nyuzi -18. Siku nyingine hapa ukitoka nje, ndani ya friza ni afadhali. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na wewe mwanangu unamruhusu?" Januari 30, 2019, kipimo kilishuka hapa hadi nyuzi -33 hivi, posta ikasimamisha kupeleka barua. Siku hiyo wenzake wote wa njiani walikubaliana kwa simu: hakuna anayepanda. Niliwapenda kwa hilo hata kabla sijawaona nyuso.

Na nyuso ni vigumu kuziona. Saa tano usiku mwezi wa Januari kwenye ule mfereji wamebaki wachache, na kila mmoja amefunikwa hadi macho. Wanajuana kwa taa na kwa makoti. Mume wangu alikuwa akirudi na kunipa habari zao kama za ndugu: leo Mwokaji alikuwa na taa mpya, Muuguzi amebadilishiwa zamu, Kijana wa Goma alianguka kwenye barafu chini ya daraja lakini hakuumia. Mwokaji ni mzee anayekwenda kazini saa ambazo wengine wanarudi, kwa hiyo hukutana naye uso kwa uso kila usiku, taa kwa taa, kengele mara mbili. Usiku ambao Mwokaji hakuonekana, mume wangu alikuja amekunja uso, na sote tukalala na wasiwasi juu ya mzee tusiyemjua jina. Kesho yake ilibainika alikuwa na mafua.

Kuna desturi moja kati yao ambayo nadhani ndiyo mzizi wa urafiki wote. Mtu akiwa amesimama kando ya njia wakati wa baridi, huwezi kumpita bila kumuuliza. Majira ya joto aliyesimama huenda anatazama simu yake. Kwenye nyuzi -20 aliyesimama ana shida, na shida hiyo ina dakika zake: vidole huanza kufa ganzi, jasho la mgongoni linageuka barafu. Unapunguza mwendo, unauliza, unasubiri jibu. Wala hawakuandikiana hilo popote.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa nyuzi -26. Mume wangu amefika nusu ya njia, ghafla pedali zikazunguka bure. Anakanyaga, mnyororo unakwenda, meno ya nyuma yanazunguka, gurudumu limekaa. Fundi yeyote wa Ngamiani angejua ni friwili. Ndani yake kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi vikamate. Ukikanyaga vinakamata, ukiacha vinalegea na ndiyo ile sauti ya tiki-tiki-tiki. Ukiweka grisi nzito ndani, kwenye baridi kali inakuwa kama nta. Vijino vinanata mahali vilipo, springi haina nguvu ya kuvinyanyua, na baiskeli inakuwa toroli.

Akaanza kusukuma. Hakufika mbali, Kijana wa Goma akatokea nyuma, halafu Muuguzi. Muuguzi alikuwa na kamba ndogo za plastiki za kufungia waya, wakajaribu kuyafunga meno ya nyuma kwenye spoku ili gurudumu lisiwe na hiari ila kuzunguka pamoja nayo. Plastiki kwenye baridi ile ilikatika kama biskuti. Ndipo Kijana wa Goma akatoa mfukoni mpira wa tyubu kuukuu, uliokatwa mikanda mirefu. Goma, alinieleza baadaye, ndiko kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi, makaa na saruji, na mji umeisimamishia sanamu kabisa. Yeye mwenyewe aliisukuma akiwa kijana, na hakuna mtu wa chukudu anayetoka nyumbani bila mpira wa kufungia. Wakaupitisha ule mpira kati ya meno na spoku, wakazungusha, wakavuta, wakafunga. "Usiache kukanyaga ghafla," akamwonya, "mnyororo utaruka." Wakaja naye wote wawili hadi mlangoni kwetu, mmoja mbele mmoja nyuma, polepole, ingawa Muuguzi anakaa upande mwingine kabisa.

Nilikuwa macho. Nilisikia hatua ngazini, nzito kuliko kawaida, mlango ukafunguka, na mume wangu akapita moja kwa moja na baiskeli mabegani mpaka bafuni. Hakuniambia hata habari za saa hizi. Akailaza kwenye hodhi, akafungulia maji ya moto.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Naiyeyusha, mama. Kesho nina zamu."

Maji ya moto yaliyeyusha barafu, hilo halina ubishi. Yaliyeyusha pia theluji yote ya madigadi na kulichukua tope lote la chumvi na mchanga, na mchanga ukaziba tundu la hodhi. Mimi nimerudi kulala. Yeye amekaa kwenye kiti cha choo akingoja, na baada ya zamu ya saa nane usingizi ukamchukua palepale. Niliamka kwa hodi ya mlango, saa saba na nusu usiku. Nje amesimama jirani wa chini, mama mtu mzima, na kanzu yake ya kulalia na paka kifuani. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka dari yake juu ya jiko.

Jirani alikuwa na haki, na alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki. Tulideki korido na bafu kwa mataulo yote ya nyumba, pamoja na shuka mbili, na mume wangu akashuka na ndoo na ngazi kumkaushia dari. Watoto waliamka wakashangilia mto uliopita mlangoni pao. Baiskeli ilikuwa bado imelala kwenye hodhi, nyekundu, safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu ainunue. Kesho yake alipoitoa nje, maji yaliyoingia ndani ya friwili yaliganda kabla hajafika mwisho wa mtaa, na sasa vijino havikuwa vinanata tena. Vilikuwa vimefungwa ndani ya barafu.

Siku tatu baadaye ikaja barua ya mwenye nyumba. Baiskeli zisiingie tena katika vyumba vya wapangaji. Mistari minne, na saini.

Nilikasirika, nasema wazi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikilalamika juu ya ile baiskeli, lakini malalamiko yangu ni ya ndani ya ndoa. Mtu wa nje kutuandikia ni jambo jingine. Na pa kuiweka hapakuwepo ila kwenye ngazi za mbao za nyuma ya nyumba, chini ya turubai, na kufuli tatu.

Hapa yanakuja mabishano ambayo watu wa baiskeli za baridi hawajawahi kuyamaliza. Kuna wa ndani na kuna wa nje. Wa ndani wanasema chuma kinahitaji kukauka, chumvi ifutwe, mnyororo upakwe mafuta kila jioni, la sivyo hadi Machi unakuwa kutu tupu. Wa nje wanasema baiskeli inaharibiwa na kubadilishwa hali: unaileta kwenye joto, theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye ganda la waya za breki na za gia, asubuhi unaitoa, yanaganda, na breki inakukatalia kwenye makutano ya kwanza. Mwokaji ni wa nje. Muuguzi ni wa ndani. Mume wangu alikuwa wa ndani kwa mapenzi tu, kwa kuwa Tanga baiskeli nzuri hailazwi nje.

Nikaanza kuangalia mwenyewe. Tangu baiskeli ihamie kwenye ngazi, breki hazikuganda hata mara moja, jambo lililokuwa likitokea kila wiki. Waya zilikaa kavu kwa sababu hakuna kilichoyeyuka. Lakini kufuli ziliganda, mume wangu akawa anaondoka na chupa ndogo ya spiriti ya kumimina kwenye tundu la ufunguo. Taa yake, ambayo betri yake ya lithiamu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi, ilizimika njiani, ikabidi iwe inalala mezani kwetu. Na kutu ilianza kuonekana kwenye mnyororo kabla ya wiki kuisha. Ikanijia wazi kwamba wa ndani na wa nje wote wana ukweli nusu nusu. Baiskeli inataka mahali pakavu, penye paa na kuta, pasipo na joto. Basi. Tena jengo letu lina chumba kama hicho: nyuma kwenye usawa wa ardhi, hakina hita, kimejaa milango mibovu na makopo ya rangi iliyokauka.

Lakini kwanza friwili, ambayo siku zote hizo ilikuwa bado inakwenda kwa kufungwa mpira. Jumapili wakaja. Tuliheshimu barua: baiskeli ilibaki kwenye ngazi, gurudumu la nyuma peke yake likapanda juu. Kijana wa Goma alivua viatu mlangoni, akanisalimu, "Jambo mama, muko bazuri?", na mimi mtu wa Tanga nikahisi nimefikiwa na ndugu aliyekulia upande wa pili wa nyumba. Nyuma yake Muuguzi, na nyuma yake Mwokaji na mkate wa shayiri chini ya kwapa. Ndiyo mara ya kwanza nawaona bila vinyago. Mume wangu pia alikuwa hajawahi kuiona sura nzima ya Mwokaji. Walitazamana, wakacheka kwa muda mrefu.

Nilitandika magazeti mezani, nikatoa sinia kubwa la kuwekea vyuma. Upande wa pili wa meza hiyo hiyo nilikuwa na dengu zangu kwenye bakuli, nazichambua. Mwokaji alishika spana. Wakatoa ekseli, gololi zikamwagika kwenye sinia, ndogo, zinang'aa, watoto wakazihesabu kwa Kiswahili na Kiingereza. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka ugali wa kijani. Kisha Kijana wa Goma akanyanyua mwili wa friwili kwa vidole viwili, taratibu, na springi moja ikaruka.

Springi yenyewe ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Sote tulisikia ilipotua, tii, na hakuna aliyeiona. Tulitazama sakafuni kwa tochi. Tulitikisa magazeti. Mwanangu mkubwa akapita chini ya meza na sumaku ya mlango wa friji, akatoka na pini ya nywele na sarafu. Ndipo macho yote yakaja kwenye bakuli la dengu.

Nikazimimina dengu zote kwenye sinia la pili, nikazitandaza nyembamba, nikagawa sehemu. Kila mtu alipewa kipande chake cha sinia. Niliwaonyesha namna ya kuvuta punje kwa kidole, chache chache, unazisogeza upande huu, hurudii ulikokwisha pita. Tukainama vichwa saba juu ya sinia moja, kama wanawake wa mtaani wakichambua mchele wa shughuli, na kama ilivyo kwenye shughuli, mikono ikiwa na kazi midomo hufunguka. Mwokaji akasema mkewe alifariki miaka michache nyuma, na kwamba kengele zile mbili za mume wangu ni salamu yake ya kwanza kila siku anapotoka nyumbani. Muuguzi akasema alianza kupanda baiskeli baada ya gari lake kuchukuliwa na benki, na hata alipopata jingine hakuacha, maana ndani ya gari hakuna anayemuuliza kama yu salama. Kijana wa Goma hakusema mengi. Alikuwa akichambua dengu kwa kasi ya mtu aliyelelewa na bibi.

Muuguzi ndiye aliyeiona. Hakuigusa kwa mkono. Alitoa koleo dogo la kitabibu mfukoni mwa koti, akaibana, akaiinua kwenye mwanga, na jiko zima likapiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Wakaosha kila kijino, wakakausha, na mahali pa grisi wakatia mafuta mepesi, yale yanayobaki laini kwenye baridi. Mwokaji alizungusha gurudumu hewani. Tiki-tiki-tiki. Dengu nikazipika kwa nazi, tukala na chapati na ule mkate wa shayiri.

Katika kula Muuguzi aliuliza kuhusu mikono. Mume wangu havai glavu nene; kwenye usukani wake nimemfungia mifuko miwili mikubwa ambayo mikono huingia kama kwenye nyumba, breki na gia zikiwa humo humo ndani, upepo haufiki. Ya dukani ilikuwa ghali. Ile yake nilishona mwenyewe kwa charahani, kwa koti kuukuu la majira ya baridi nililolinunua kwenye duka la mitumba, na ndani nikaweka bitana la khanga mbili kwa sababu ndiyo pamba niliyokuwa nayo. Pindo la khanga linachungulia mdomoni mwa mfuko, jekundu na jeupe. Kumbe wote walikuwa wakiliona kila usiku kwenye mwanga wa taa na kujiuliza ni kitu gani. Kabla chai haijaisha nilikuwa na oda tatu, na Mwokaji akakataa katakata nisimtoze, mpaka tukakubaliana kwa mikate.

Nilizimaliza kabla ya Ijumaa ya pili ya Februari. Siku hiyo, tangu 2013, miji mingi ya baridi huiadhimisha kuwa siku ya kwenda kazini kwa baiskeli, na kwenye njia yetu watu husimama asubuhi wakigawa vinywaji vya moto kwa wapitao. Nilikwenda na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi na sahani ya maandazi ya iliki. Sikupanda kitu, nilisimama tu pembeni, nikihisi vidole vya miguu vikiniaga. Walipita walimu, wapishi, wanafunzi wa chuo, baba mmoja na watoto wawili kwenye sanduku la mbele lililozibwa kwa plastiki. Na kila baada ya muda, kutoka kwenye ukungu wa pumzi za watu, ninaona pindo la khanga linakuja juu ya usukani. Nimeishi nchi hii miaka mingi, na asubuhi hiyo ndipo nilipohisi mji huu una mahali pangu.

Jioni ile walipanda wote kwetu, na barua ikaandikwa. Muuguzi aliandika, sisi tukasema. Tunaomba kile chumba cha nyuma. Tutakisafisha sisi na kuyatoa makopo ya rangi na milango kwa mikono yetu. Tutanunua ndoano za ukutani na zulia la mpira la kupokea tope. Hatuombi hita, tunaomba kisiwekwe hita. Tunaomba soketi moja ya umeme na ufunguo kwa kila mpangaji mwenye baiskeli, maana tulipouliza mlango kwa mlango tulikuta wengine watatu wanaolaza zao kwenye korido kwa siri. Nilishuka nayo kwa jirani wa chini. Alivaa miwani, akaisoma yote, akawa wa kwanza kutia sahihi, na akanieleza bila kuzungushazungusha kwamba anataka maji yakae mbali na dari yake. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Mume wangu alitaka jambo moja liongezwe: kufuli la mlango liwe la aina inayofunguka mtu akiwa na glavu. Muuguzi akaliandika chini ya sahihi.

Barua ilikwenda Jumatatu. Mwenye nyumba amejibu kwamba atakuja Alhamisi kukitazama chumba. Mwokaji ameshapima ukuta kwa futi ya kamba, na anasema ndoano sita zinaingia bila baiskeli kugusana usukani, saba kama ya mtoto itaning'inizwa juu ya mlango.